Mkono wa Kuazima

Mfamasia Moon alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyomkera Kye-sun kuliko yote. Angemkatalia kwa ukali, naye angemjibu yakaisha. Lakini yule bwana aliegemea kaunta, akashusha sauti kama mtu anayetoa mkono wa pole msibani.

"Mama, Jumatatu ulichukua maboksi mawili."

"Najua nilichochukua."

"Leo Alhamisi."

"Mierezi imechanua, Bwana Moon. Huoni magari yote yamegeuka manjano kwa chavua? Kisiwa kizima kinapiga chafya, na wewe unauza dawa ya chafya. Nipe niende, basi linakuja."

"Nimeshakueleza. Dawa hii ni ya siku chache. Inafungua pua kwa kuibana mishipa ya damu, na haibani ya puani tu. Sasa wewe umeizoea. Siku usipomeza pua inaziba ndi, unadhani ugonjwa umerudi, unameza tena. Una muda gani nayo?"

Kye-sun alianza kuhesabu fedha juu ya kaunta. Alikuwa na miaka thelathini na moja nayo, naye mwaka huo alikuwa anatimiza sitini na saba. Hapo waliingia watalii wawili, kijana na mkewe, wakitaka dawa ya kichefuchefu cha boti. Ikabidi asogee pembeni, karibu na mizani, asubiri. Wale walipewa walichotaka bila swali hata moja, wakaaga, wakatoka wakicheka.

"Nakupa sita," mfamasia alisema. "Na naomba kitambulisho."

Alimpa. Kijiji kizima cha Namdol kinamjua Kye-sun, mzamiaji wa daraja la kwanza, na huyu anaandika namba zake daftarini kama za mgeni. Alipomrudishia kadi hakuinua macho. "Nyumba yenu ina mafua mengi mwaka huu," alisema.

Kye-sun alijua anasemwa mumewe, maana wiki iliyopita alimsingizia yeye ugonjwa ili apate boksi. Alitia vidonge sita kwenye mfuko wa koti, akatoka bila kusema asante.

Jioni walikula samaki wa kukaanga, supu ya mwani na wali wa shayiri. Chang-bo, mume, alikuwa amenyoosha mguu wake mbovu chini ya meza. Binti yao Mi-ran alikula ameinamia bakuli. Ana miaka arobaini na miwili huyo. Alirudi kutoka Ulsan bila kazi na bila mume, akamwambia mama yake anataka kuzamia, na tangu hapo Kye-sun akawa anatembea kijijini shingo juu, maana wasichana wa siku hizi bahari wanaipigia picha tu.

"Miti aliipanda baba yako," Kye-sun alimwambia mumewe huku akipumulia mdomo, "pua naumwa mimi."

"Baba aliipanda kukinga michenza na upepo. Hakujua nitaoa mwanamke mwenye pua ya kifalme."

"Ikate basi."

"Nikate yangu, na ya jirani? Na ya mlimani kote? Wewe acha vile vidonge, ndivyo vinavyokumaliza. Siku moja nitavitia chooni vyote."

"Jaribu."

Chang-bo alicheka, akachukua kipande kingine cha samaki. Mi-ran hakucheka. Kye-sun alimgeukia.

"Kesho utaniazima mkono."

Mi-ran aliacha kutafuna. Alijua mama yake anasema nini. Majira mawili ya baridi yaliyopita, mdogo wa kapteni wa wazamiaji, naye mzamiaji, alikutwa anaelea kifudifudi kando ya boya lake, wavu umejaa konokono wa bahari. Daktari aliyekuja kutoka mjini aliwakusanya wanawake akawauliza wanameza nini kabla ya kuingia majini. Wakamwambia, kwa sababu hawakuona la kuficha: unga wa dawa ya kichwa, na vidonge vya pua ili masikio yafunguke chini. Walikuwa wakigawana pale motoni kama peremende, mkubwa akimpa mdogo. Daktari alishika kichwa. Baada ya hapo ikaletwa mashine ya kupima presha, na kapteni akaweka sheria. Atakayekutwa na kidonge kwenye nyumba ya kuvalia, aende zake. Na kila siku ya kuzamia kila mwanamke anapima, anampa karatasi kapteni. Ikizidi mia moja sitini, anakaa motoni. Ukikalishwa mara tatu ndani ya mwaka unahamishiwa Bahari ya Bibi, pale kwenye maji ya kifuani palipotengwa kwa vikongwe.

Kye-sun alikuwa amekalishwa mara mbili.

"Mashine iko nyuma ya pazia," aliendelea. "Unapima mara mbili. Karatasi ya kwanza yangu, ya pili yako. Hazina majina."

"Mama, pumzika tu kesho."

"Nipumzike? Kesho ni siku ya mwisho ya mwaka wa ushirika wetu wa wazamiaji. Una siku ngapi wewe?"

"Hamsini na tisa."

"Na mwanachama anatakiwa siku ngapi?"

"Sitini."

"Na mgeni anazamia kando ya nani?"

"Kando ya mdhamini wake," Mi-ran alisema, kwa sauti ya mtoto anayeulizwa somo.

"Mdhamini wako mimi. Nisipokuja huhesabiwi, na kura ya kukupokea haipigwi mpaka mwaka kesho. Nikija nikapima mwenyewe nitakalishwa. Sasa niambie nipumzike tena."

Mi-ran alichokoa mwiba wa samaki kwa kijiti chake. Alichukua muda mrefu na mwiba ule. "Labda mkono wangu nao una shida," alisema mwishowe.

"Shida gani? Una miaka arobaini na miwili. Ukipanda mlima na kushuka mashine itakusifu."

"Wezi wakubwa nyie," Chang-bo alisema. "Mimi sijasikia kitu." Na kweli akainuka, akaenda kuangalia taarifa ya hali ya hewa.

Kye-sun alificha vidonge vyake ndani ya pipa la shayiri, chini kabisa, alikozoea. Vitatu vya asubuhi, vitatu vya akiba. Alilala ameketi, mto nyuma ya mgongo, kwa sababu akilala chali alihisi anazama.

Asubuhi alitia mkono kwenye shayiri akatoa karatasi ya vidonge. Ilikuwa nyepesi. Matundu yote sita yalikuwa yametobolewa.

Aliingiza mkono tena hadi begani. Alimwaga shayiri sakafuni, akapiga magoti akatafuta kwa vidole. Hakuna. Akajiuliza kama amevimeza mwenyewe, kwa maana kusahau kulikuwa kumeanza kumjia. Kisha akakumbuka maneno ya jana.

"Baba Mi-ran. Umevitupa."

Chang-bo alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Nimetupa nini?"

"Usinifanye mjinga. Ulisema utavitia chooni."

"Ningevitia chooni ningekuita uje uone. Hiyo raha nisingeila peke yangu."

"Leo, kati ya siku zote. Leo."

"Mama Mi-ran, niangalie. Si mimi."

Hakumwamini. Walikuwa wameoana miaka arobaini na minne, na hakukumbuka siku ambayo mumewe alimdanganya, lakini asubuhi ile hakuwa na nafasi ya kumwamini mtu. Alivuta maji ya moto yenye chumvi puani, akapenga mpaka masikio yakalia. Pua ilibaki ukuta. Alijua fika kwamba akishuka pima mbili tu chini ya maji, masikio yatamchoma kama amechomekwa sindano. Akajiambia maji baridi yataifungua. Akajiambia mengi.

Nje Mi-ran alikuwa ameshapakia maboya na nyavu kwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Alikuwa anavuta pumzi vizuri, mdomo umefungwa, pua kavu, katikati ya vumbi lile la mierezi. Kye-sun alimtazama akafurahi. Angalau mmoja wetu, alisema moyoni.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa tayari wameketi kuzunguka moto, kila mmoja mahali pa daraja lake. Upande usiopatwa na moshi wanakaa wa daraja la kwanza, na hapo katikati alikaa kapteni Wol-hwa, miaka sabini na mmoja, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Yeye hupokea karatasi, huzisogeza mbali na macho, husoma namba kwa sauti, kisha huzitia motoni.

"Upepo unageuka mchana," alisema. "Tuna saa tatu, hatuna nne. Pimeni haraka. Mi-ran, leo ndiyo siku yako, eh?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ukitoka na pweza nitakupigia kura mbili."

Walicheka. Mi-ran aliingia nyuma ya pazia. Ikasikika mashine inanguruma, ikapumua, ikatema karatasi. Kimya. Halafu ikanguruma tena, na Kye-sun akajua mwanawe anatimiza waliyoagana. Mi-ran alipotoka alimpitia mama yake karibu, akamwachia karatasi iliyokunjwa kiganjani. Kye-sun aliingia nyuma ya pazia, akahesabu moyoni mpaka mia, akatoka akiitoa karatasi mbele kama mtu asiye na wasiwasi. Hakuifungua. Bila miwani asingeona kitu, na miwani ingemtia shaka kapteni.

Wol-hwa aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mia moja themanini na sita."

Wanawake waligeuka.

"Mashine imelewa," Kye-sun alisema, akacheka, na kicheko kikatoka peke yake bila mtu wa kukisindikiza.

"Mia moja themanini na sita, kwa mia moja na kumi. Mama Mi-ran, huu si mzaha. Unatembeaje?"

"Huo si—" Kye-sun alianza, akajikata. Huo si mkono wangu. Ndivyo ulimi ulivyotaka kusema. Akamtafuta Mi-ran kwa macho.

Mi-ran alikuwa anafunga kiunoni mkanda wa uzito wa kuzamia. Hakuinua uso. Midomo yake ilikuwa imefungwa, pua yake ilikuwa kavu, na mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka. Kye-sun aliona pipa la shayiri. Akaona matundu sita. Akasikia sauti ya adabu ya mfamasia ikisema nyumba yenu ina mafua mengi.

"Ya tatu hiyo, dada," Wol-hwa alisema, na sasa sauti ilikuwa imelainika, jambo lililozidi kumdhalilisha. "Unajua sheria. Mimi niliiweka baada ya kumzika mdogo wangu, siwezi kuivunja kwa ajili yako. Bahari ya Bibi si kaburi. Usihangaike na Mi-ran, leo nitamdhamini mimi. Mi-ran, lete yako."

Mi-ran alitoa karatasi.

"Mia moja ishirini na tisa. Haya, mtoto mzima huyu."

Ilikuwa karatasi ya mwezi wa kumi, aliyoiweka kwenye pochi tangu siku ile. Tarehe ilikuwa imeandikwa juu kwa herufi ndogo kama chawa, na Wol-hwa alishaitia motoni.

Kye-sun alimfuata binti yake kwenye kona ya kuvalia, akajifanya anamfungia zipu ya mgongoni.

"Umemeza ngapi?"

"Mama, watu wanasikia."

"Ngapi?"

"Vitatu." Zipu ilikwama. "Na vitatu jana."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponipa kile cha kwanza. Ulisema masikio yatafunguka. Yalifunguka." Mi-ran alisema bila hasira, na hiyo ilimuuma mama yake zaidi. "Nikapunguza, nikashindwa. Nikamfuata Moon, naye akaanza kunihesabia. Nikajua unakoficha."

"Na karatasi yangu? Umeniona mimi ndiye wa kutupwa?"

"Nilipima mara mbili, mama. Zote ndivyo zilivyokuwa. Moja ilibidi iende mahali. Nilidhani angalau wewe utabaki nchi kavu."

"Usiende."

"Siku moja tu. Wewe umekwenda miaka thelathini."

Kye-sun alikuwa na neno la kusema, na mahali pa kulisemea, na watu kumi na wawili wa kulisikia. Angesema, kapteni, mkono ule ni wa mwanangu. Lakini wanawake wa Namdol husamehe uvivu, husamehe hata kugombania mwamba. Udanganyifu wa majini hawausamehi, maana kila mmoja ameweka roho yake kwa mwenzake. Siku hamsini na tisa zingefutwa kwa sentensi moja. Mi-ran angerudi kuosha vyombo kwenye mkahawa wa watalii, na wangemnyooshea kidole mpaka azeeke.

Tusimpambe. Alinyamaza. Aliivuta zipu mpaka juu, akampiga binti yake begani mara mbili, kama anavyofanya kila siku, akaenda kuketi motoni.

Walishuka miambani kwa safu, maboya ya rangi ya chungwa mabegani. Mi-ran alikuwa wa mwisho, boya lake limefungwa kitambaa cha kijani ambacho Kye-sun mwenyewe alikishona.

Kila mzamiaji akiibuka hutoa pumzi kwa mluzi, na kila mmoja ana mluzi wake. Wa Wol-hwa ni mrefu na mwembamba. Wa Mi-ran ni mfupi, una ufa katikati. Kye-sun alikaa peke yake na moto, mdomo wazi, akisikiliza. Ukaja wa kwanza. Akahesabu. Ukaja wa pili. Alijikuta anabana pumzi binti yake anapozama na kuiachia anapoibuka, na kwa pua ile iliyoziba kichwa kilianza kumzunguka.

Kwenye mluzi wa tisa ule ufa ulikuwa umepanuka. Wa kumi ulichelewa. Alisimama akatoka nje. Aliona boya la kitambaa cha kijani linacheza juu ya maji, peke yake. Akahesabu ishirini. Akahesabu thelathini. Yeye mwenyewe hukaa chini hata sekunde tisini, lakini mtoto hajafika huko, na leo moyo wa mtoto si mzima. Arobaini na tano. Mi-ran aliibuka. Hakupiga mluzi. Alishika boya kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso juu yake, akakaa hivyo.

Halafu akajigeuza kuzama tena.

Kando ya mlango linaning'inia beseni la bati. Likigongwa, kila mtu anatoka majini, na siku imekwisha kwa wote. Hakuna wa kurudi hata kama wavu mtupu. Kwa miaka minane lilikuwa limegongwa mara mbili, mara moja kwa kimbunga na mara moja kwa mdogo wake kapteni. Kye-sun alilinyakua, akaokota chuma cha kubandulia konokono, akagonga. Aligonga mpaka bati likabonyea. Aligonga huku akiteremka miambani na viatu vya plastiki, na vichwa vikageuka kimoja kimoja, na maboya yakaanza kurudi.

Wol-hwa alifika wa kwanza. Alikuwa amepauka. "Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Mtoe Mi-ran."

"Kye-sun, unajua umefanya nini? Wanawake kumi na mmoja—"

"Mtoe mwanangu kwanza, dada. Kisha unitukane."

Wawili walimvuta kwa mikono. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na ndani ya kioo cha miwani ya kuzamia damu ya pua ilikuwa imetanda nyekundu. Walipomvua miwani alikaa juu ya mwamba akishikilia kifua, akamtazama mama yake.

"Siku yangu, mama," alisema. "Umeniharibia siku yangu."

"Nimeiharibu," Kye-sun alisema. Aliwageukia wanawake waliosimama wakichuruzika maji, na kwa mara ya kwanza siku ile aliongea kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ile themanini na sita si mkono wangu. Ni wa huyu. Nilimwomba anipimie. Na kidonge cha kwanza nilimpa mimi, hapa hapa, nikakitia kwenye mkono wa vazi lake mwaka juzi, baada ya sheria. Nilidhani namsaidia. Mama mkwe wangu alinipa mimi hivyo hivyo."

Mmoja wa wale vijana, yaani mwanamke wa miaka hamsini na minane, alitazama pembeni. Yawezekana na yeye alikuwa na lake nyumbani ndani ya pipa.

Kapteni hakupiga kelele. Alimwinua Mi-ran, akampeleka motoni, akamfunika mablanketi mawili, akaagiza gari la kwenda hospitali. Kisha akaileta mashine, akaiweka miguuni pa Kye-sun, mbele ya watu.

"Mkono wako. Wako mwenyewe."

"Wa nini sasa, dada? Nimeshakiri."

"Lete."

Kye-sun alikunja mkono wa sweta. Mashine ilibana, ikapumua, ikatema karatasi. Wol-hwa aliisogeza mbali na macho. Akaisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti.

"Mia moja hamsini na mbili."

Wanawake walitazamana. Kye-sun alidhani hakusikia vizuri, akaomba kurudiwa.

"Hamsini na mbili. Umemeza ngapi leo?"

"Sijameza. Havikuwapo. Mi-ran alivimaliza." Aliposikia maneno yake mwenyewe alikaa chini polepole, kwenye mawe yenye maji. Bila kidonge angepita. Angeingia majini kwa mkono wake halali, na binti angekwama kwenye mashine, akakaa motoni akiwa mzima, na kumbe wizi wote ule walimwibia nani.

Wol-hwa aliikunja karatasi. Hii hakuitia motoni. Aliiweka kifuani, ndani ya vazi.

Mi-ran alilazwa siku tatu. Siku yake ya sitini haikuhesabiwa, wala kura haikupigwa. Wakubwa waliamua aanze upya, moja hadi sitini, na wawili kati yao walitaka asianze kabisa. Kye-sun alihamishiwa Bahari ya Bibi, si kwa presha bali kwa mkono wa kuazima. Mahali pake pasipo moshi pakakaliwa na mwingine. Na Wol-hwa akaongeza adhabu yake mwenyewe, bila kuomba ushauri: "Pazia litolewe. Kuanzia sasa mashine ni ya Mama Mi-ran. Atatufunga mkono yeye, mmoja mmoja, atazame na uso."

Nyumbani kulikuwa vita. Watu wawili wenye pua zilizoziba hawapaswi kuishi chini ya paa moja. Daktari aliwapa dawa nyingine ya kupuliza, ile inayohitaji wiki mbili kabla hujaona kitu, na kwa wiki mbili walipumulia midomo, walikoroma wameketi, walinuniana kwa kijiko kilichowekwa vibaya. Chang-bo alisema ni kama kuoa tarumbeta mbili. Siku moja Kye-sun alimkuta Mi-ran ametia mkono ndani ya pipa la shayiri hadi kwenye kiwiko. Mi-ran aliutoa mkono, akaupangusa, akaenda zake. Kye-sun alisubiri hatua zake zipotee, kisha akatia wake. Pipa halikuwa na kitu, na wote wawili walilijua hilo kabla ya kutafuta.

Ilikuja siku ya kuzamia mwishoni mwa Aprili, mierezi imemaliza kumwaga vumbi lake. Wanawake walipanga mstari. Kye-sun aliketi upande wa moshi, macho yakimtoka machozi, mashine mapajani. Alifunga mikono kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na mia moja sabini, akajaribu kumtania. Kye-sun alimwonyesha pa kukaa.

Wa mwisho alikuwa Mi-ran. Alinyoosha mkono wa kulia akatazama ukutani. Pua yake ilikuwa nyekundu, imechubuka kwa kupengwa.

Mashine ikabana, ikapumua. Mia moja thelathini na moja.

Kye-sun aliisoma kwa miwani. Akatazama tarehe. Akafunga upya, akapima tena. Mia moja thelathini.

"Mama Mi-ran, maji yanakupwa," alisema mmoja aliyesimama mlangoni na boya.

"Yakupwe."

Mi-ran alimgeukia. Ulikuwa mwezi mzima hajamtazama mama yake usoni. "Huniamini?"

"Siamini," Kye-sun alisema. "Nipe na ule mkono mwingine."

Mi-ran akakunja sweta upande wa kushoto mpaka begani, akaketi kwenye moshi kando ya mama yake, akampa.